Ngome Yalindwa, Mji Waachiwa Nani?

Kila mwaka mabasi ya shule humiminika kisiwani Mombasa kutoka pembe zote za Kenya, na aghalabu kituo cha kwanza huwa Ngome ya Yesu. Wanafunzi huteremka, hupangwa mistari, huhesabiwa, huingizwa langoni, huonyeshwa mizinga, huelezwa kwamba Wareno walianza kuijenga ngome hiyo mwaka 1593, kisha hupanda mabasi yao na kuelekea ufuoni kuogelea. Jioni mwalimu huandika katika ripoti yake kwamba ziara ilifana. Mimi ni mwalimu wa historia, nami nasema kwamba ziara ya namna hiyo ni nusu ya somo. Wanafunzi hao wameziona kuta. Mji hawakuuona, ijapokuwa ulikuwa hatua chache tu kutoka pale walipoliacha basi lao.

Neno langu la leo ni kwa walimu wenzangu na kwa wanafunzi, lakini nitashukuru likiwafikia pia wakuu wa Kaunti ya Mombasa na wa Makavazi ya Kitaifa. Nadai mambo mawili. La kwanza ni kwamba Ngome ya Yesu haiwezi kufahamika bila ya Mji wa Kale ulio ubavuni mwake. La pili ni kwamba kwa kuwafunza vijana kuitazama ngome peke yake, tumewafunza vilevile kuamini kwamba chenye thamani ni kile kilichojengwa na mgeni na kulindwa na serikali, na kwamba nyumba za wenyeji ni magofu yanayongoja kubomolewa. Funzo hili la pili hatukulikusudia, lakini ndilo linaloshika.

Tuanze na jiografia, kwa kuwa ardhi iliwatangulia watu. Mombasa ni kisiwa cha mawe ya matumbawe ya kale, kilichokumbatiwa na mikono miwili ya bahari. Upande wa mashariki pana hori la Tudor, na huko ndiko iliko bandari ya kale. Upande wa magharibi pana Kilindini, ambako maji yana kina kirefu kama jina lenyewe linavyosema. Majahazi ya zamani hayakuhitaji kina hicho. Yalihitaji maji matulivu na mlango katika mwamba unaoikinga pwani. Pepo za kaskazi, zivumazo tangu mwishoni mwa mwaka hadi karibu na mwezi Machi, ziliyaleta kutoka Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi, na pepo za kusi zikayarudisha makwao. Baina ya pepo hizi mbili palikuwa na wakati wa kungoja, na katika kungoja huko watu walioana, walijenga, walifanya biashara na kuswali pamoja. Mwanafunzi akisimamishwa juu ya ukuta wa ngome unaoelekea bahari, akaonyeshwa mlango wa bandari, ataelewa kwa dakika moja kwa nini Wareno walilichagua jabali lile. Kila chombo kilichotaka kuingia bandari ya kale kililazimika kupita mbele ya mizinga yao.

Meli kubwa za chuma zilipokuja na kudai kina kirefu, biashara ilihamia Kilindini. Reli ilianza kujengwa mwaka 1896, na katika muongo wa kwanza wa karne ya 20 makao makuu ya utawala wa Kiingereza yakahamishwa kutoka Mombasa hadi Nairobi. Hivyo Mji wa Kale ukabaki kuwa mji mdogo ndani ya mji mkubwa, pamoja na Ndia Kuu yake, Kibokoni na Kuze, misikiti yake, mabaraza yake na wauza kahawa wake. Eneo lake ni hekta zipatazo 72 tu, na mtu mwenye miguu mizima anaweza kuuzunguka asubuhi moja. Udogo huo ndio unaoufanya ufae sana kufundishia.

Sasa tuitazame historia. Ibn Battuta alifika Mombasa mwaka 1331, akawakuta watu wacha Mungu, wenye misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, wanaokula ndizi na samaki, na wanaoletewa nafaka kutoka bara ya pwani. Wenyeji wenyewe humtaja Mwana Mkisi, malkia wa zama za kale, na Shehe Mvita aliyemfuatia, ambaye jina lake wengi husema ndilo lililoupa mji jina la Mvita. Vasco da Gama alitia nanga mwezi Aprili 1498, na mwaka 1505 Francisco de Almeida akauteka mji na kuuchoma moto. Ngome ilianza kujengwa mwaka 1593, miaka 262 baada ya ziara ya Ibn Battuta, kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, mjenzi wa Kiitalia aliyewatumikia Wareno. Msikiti wa Mandhry, ambao mnara wake wa kizamani ungali unaonekana Mji wa Kale, huhesabiwa kuwa ni wa mwaka 1570 hivi. Basi ngome ni kijana, na mji ndio mzee. Lakini muulize mwanafunzi yeyote nini kilitangulia Mombasa, na wengi watakujibu bila kusita: ngome.

Kosa si la mwanafunzi. Sisi walimu tumeifundisha historia ya ngome hii kama orodha ya wageni: Mreno akaingia, Mwarabu wa Omani akamtoa, Mwingereza akamfuatia. Katika orodha hiyo mtu wa Mvita hutokea kama mtazamaji, kana kwamba alikuwa amekaa barazani akinywa kahawa huku wenzake wakipigania nyumba yake. Ukweli ni kinyume cha hayo, na mifano mitatu itatosha.

Mfano wa kwanza ni wa Yusuf bin Hasan. Baba yake, Sultani Hasan, aliuawa mwaka 1614 baada ya kukosana na Wareno. Mtoto akapelekwa Goa, akabatizwa jina la Dom Jerónimo, akasomeshwa, kisha akarudishwa mwaka 1626 ili atawale chini ya kivuli cha waliomlea. Mwezi Agosti 1631 aliingia ngomeni, akamuua mkuu wa ngome, akaurudia Uislamu na kuuteka mji. Waliouawa katika siku zile hawakuwa Wareno peke yao, kwani miongoni mwao walikuwamo Waafrika waliokuwa wamebatizwa. Mwaka uliofuata aliwashinda Wareno waliokuja kulipiza kisasi, kisha akaiacha Mombasa na kuwa mtu wa baharini hadi kufa kwake. Je, huyu alikuwa mkombozi, mlipiza kisasi, au kijana aliyevunjwa moyo na watu waliomnyang'anya baba, dini na jina? Mwalimu anayewauliza wanafunzi wake swali hilo, Waislamu na Wakristo wakiwa dawati moja, atakuwa amefundisha uraia zaidi ya aliyewakaririsha mwaka.

Mfano wa pili ni mazingiwa makuu. Jeshi la Omani lilifika mwezi Machi 1696, na ngome haikuanguka hadi mwezi Desemba 1698, baada ya miezi 33. Vitabu vyetu husema kwamba Waomani waliwazingira Wareno. Lakini wengi wa waliokimbilia ndani ya kuta zile walikuwa Waswahili na Waafrika wengine, na maradhi yalipowafagia Wareno, ulifika wakati mwaka 1697 ambapo mlinzi wa ngome alikuwa Bwana Daud wa Faza, akiwa na jamaa zake, wanaume wachache na wanawake wapatao 50. Kwa majuma kadhaa ngome ya mfalme wa Ureno ilisimama kwa mikono ya watu ambao majina yao, isipokuwa la Bwana Daud, hatuyafundishi kabisa. Mwaka huohuo merikebu ya Kireno, Santo António de Tanná, iliyokuja na msaada, ilizama mbele ya ngome. Wachimbuzi waliokwenda chini ya maji kati ya mwaka 1977 na 1980 walitoa vitu vyake, na vingi vimo makavazini vikitazamwa na wanafunzi. Ya wanawake wale 50 hayana kabati la kioo.

Mfano wa tatu ni wa mwaka 1729. Wareno walikuwa wamerudi mwaka 1728, na mwaka uliofuata watu wa Mombasa wakainuka wenyewe, wakaizingira ngome na kuwatoa. Baada ya hapo ujumbe ulikwenda Omani, nao ulikuwa na wazee wa mji pamoja na wazee wa Kimijikenda kutoka ng'ambo ya pili. Tendo hili ni la kisiasa kamili: watu wawili wenye lugha na desturi mbalimbali wanakaa, wanashauriana, wanachagua wajumbe na kuwatuma. Anayedhani kwamba watu wetu walijifunza kushauriana pale Mwingereza alipoleta kura, na asome mambo ya mwaka 1729.

Mashauriano yale yalikuwa na taasisi zake. Mombasa ya zamani iliendeshwa na Mataifa Kumi na Mawili, ambayo wenyeji huyaita Thenashara Taifa. Matatu kati yake, Kilindini, Changamwe na Tangana, yaliitwa Thelatha Taifa. Tisa yaliyosalia, yaani Mvita, Jomvu, Kilifi, Mtwapa, Pate, Shaka, Faza, Gunya na Katwa, yaliitwa Tisa Taifa. Kila upande ulikuwa na mkuu wake, na mataifa yalifungamana kwa mapatano na makabila ya Kimijikenda kwa ajili ya biashara, ulinzi na amani. Mazrui waliotawala kutoka ngomeni katika karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19 walijua vyema kwamba mwenye kuishika ngome bila ya kuyashika mapatano hayo hana anachokitawala. Waliposhindwa na Sayyid Said wa Zanzibar mwaka 1837, mojawapo ya sababu ilikuwa mfarakano ndani ya mji wenyewe. Hili ni somo la serikali za mitaa, na liko wazi kuliko mengi yaliyomo katika vitabu vya uraia.

Inasemekana kwamba kati ya mwaka 1631 na mwaka 1875 ngome ilibadilisha mikono mara tisa. Mara ya mwisho katika hizo ilikuwa Januari 1875, pale Muhammad bin Abdallah, akida wa askari, alipomuasi Sultani wa Zanzibar na kujifungia ndani, na manowari mbili za Kiingereza, Nassau na Rifleman, zikaipiga mizinga hadi akasalimu amri. Kisha ikaja zama ambayo wengi wetu tunaipitia mbio. Tangu mwaka 1895 hadi mwaka 1958, kwa miaka 63, Ngome ya Yesu ilikuwa jela. Kwa wakazi wa Mji wa Kale wa vizazi viwili, jina la ngome halikumaanisha watalii wala kamera. Lilimaanisha ndugu aliyefungwa. Ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1958, na makavazi yake yakafunguliwa mwaka 1960 kwa msaada wa wakfu wa Gulbenkian wa Ureno. Mwanafunzi anayeambiwa habari hii huanza kuzitazama kuta kwa jicho jingine, akajiuliza ni nani anayeamua kwamba jumba fulani leo liwe gereza na kesho liwe makavazi.

Wala mji huu haukutoa wapiganaji na wafungwa tu. Muyaka bin Haji, aliyefariki mnamo mwaka 1840, aliutoa ushairi msikitini na mahafali za dini akauleta barazani na sokoni, akausemea mji wake katika vita vya maneno dhidi ya Zanzibar. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akawaandikia watu wa pwani kwa lugha yao kuhusu elimu, uvivu, umoja na kuigaiga. Kila anayeandika safu ya maoni kwa Kiswahili nchini Kenya, nami nikiwamo, ni mjukuu wa kurasa zile. Mwanawe, Profesa Ali Mazrui, aliyefundisha Makerere na Marekani, alifariki mwaka 2014 akaletwa kuzikwa katika makaburi ya ukoo wake, mkabala na ngome. Na Shihabuddin Chiraghdin, mwalimu wa Mombasa aliyefariki mwaka 1976, alituachia pamoja na Mathias Mnyampala kitabu cha Historia ya Kiswahili. Hawa ni watu wa mitaa inayoweza kupitiwa kwa miguu. Basi la shule huyapita makaburi ya Mazrui kila siku, na nadra dereva kuambiwa asimame.

Nimeeleza hayo ili msomaji apime uzito wa jambo lifuatalo. Mwaka 2000 UNESCO iliutia Mji Mkongwe wa Zanzibar katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 2001 iliutia Mji wa Kale wa Lamu. Zote mbili ziliingizwa kama miji, pamoja na nyumba, vichochoro na watu wake. Mwaka 2011 ikaja zamu ya Mombasa, na kilichoingizwa ni Ngome ya Yesu, kipande cha ardhi kisichotimia hekta tatu. Mji ukabaki kuwa ukingo wa kuizunguka ngome. Siwalaumu walioandika maombi yale, kwa maana ngome inastahili heshima hiyo. Nasema tu kwamba kalamu ya dunia iliandika kile ambacho sisi tayari tulikuwa tumekifundisha.

Matokeo yake yanaonekana. Bahari ilipozidi kulila jabali linaloibeba ngome, serikali iligharimia ukuta wa kuzuia mawimbi mwishoni mwa miaka ya 2010, na ilifanya vyema. Lakini bahari ileile inaipiga pwani ya Mji wa Kale. Ni kweli kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1990 mji ulitangazwa kuwa eneo la hifadhi na ukawekewa mpango na ofisi ya kuusimamia. Hata hivyo, tofauti ni kubwa. Ngome hutengenezwa kwa fedha za umma na za ada ya langoni. Nyumba ya Mji wa Kale hutengenezwa kwa fedha za mwenyewe, naye ni mjane, mstaafu, au ndugu kumi waliorithi chumba kimoja kila mmoja na wasiweze kukubaliana. Sheria humwambia asibomoe na asibadilishe, lakini haimwambii atapata wapi chokaa.

Hebu tuitazame nyumba hiyo, kwa sababu yenyewe ni kitabu. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, nayo chokaa hupatikana kwa kuyachoma matumbawe hayohayo. Dari yake hubebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba, na kwa hiyo vyumba vya zamani ni virefu na vyembamba. Mwalimu wa hesabu ana somo hapo. Ukuta wa chokaa hupumua: huingiza unyevu na kuutoa. Mwenye nyumba akikosa chokaa na fundi wake, huupaka saruji iliyo rahisi kupatikana dukani, na saruji huufungia unyevu na chumvi ndani ya ukuta hadi plasta ikabanduka na jiwe likamomonyoka. Mwalimu wa sayansi naye ana somo hapo. Mwaka 2018 serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, wakataji wa mikoko wa Lamu waliguswa, na mnyororo mzima wa ujenzi wa kale ukatikisika. Mwalimu wa jiografia anaweza kuwauliza wanafunzi wake: tunailinda mikoko au tunazilinda nyumba, na je, hakuna njia ya kuvilinda vyote viwili kwa kukata kwa kipimo na kupanda?

Najua nitakayojibiwa, nami nitayachukua majibu hayo kwa uzito yanaostahili. Wa kwanza kunijibu ni mwalimu mwenzangu. Atasema kwamba nauli ni ghali, siku ni moja, wanafunzi ni 60, na mtihani hauulizi habari za boriti. Ana haki kuhusu nauli. Lakini kutoka lango la ngome hadi Ndia Kuu hakuna nauli, na saa moja inayotumika kungoja chakula ingetosha kupita mtaani. Ama kuhusu mtihani, mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 unadai mwanafunzi afanye, achunguze na aeleze. Mwanafunzi aliyepima chumba, akachora mlango wa nakshi na kumsikiliza mzee wa mtaa ametimiza dai hilo kuliko aliyenakili maandishi ya ukutani. Kisingizio tulichokuwa nacho zamani kimepungua nguvu.

Wa pili ni mkazi wa Mji wa Kale mwenyewe. Huyu ndiye ninayemwogopa zaidi, kwa kuwa maneno yake ni ya kweli. Atasema: "Bwana mwalimu, mimi si sanamu ya makavazi. Nataka choo cha kisasa, nataka chumba cha mwanangu anayeoa, na sitaki watoto 60 wakinichungulia dirishani." Ni haki yake. Adabu ya mji ule ni kwamba mgeni hubisha hodi na hungoja barazani hadi akaribishwe. Tukiwapeleka wanafunzi, tuwafunze adabu hiyo kabla ya kuwafunza tarehe, na tuwapeleke kumi kumi, kwa idhini ya wazee wa mtaa. Na kuhusu choo na chumba, hakuna nyumba ya kale iliyowahi kudumu bila ya kubadilishwa. Ngome yenyewe ilibadilishwa na kila aliyeitwaa, na ndani yake imo nyumba ya watawala wa Kiomani iliyojengwa juu ya kazi ya Wareno. Kuhifadhi mji si kuwazuia watu wasiishi. Ni kuwasaidia waishi humo bila ya kuuvunja.

Wa tatu ni mtu wa hesabu za serikali, atakayesema kwamba ngome huingiza fedha na mji hauingizi. Nami namuuliza: mtalii akishatoka ngomeni hununua wapi kanga, hula wapi viazi karai, hupiga wapi picha za milango na roshani za mbao? Ngome bila ya mji ni boma tupu kwenye ncha ya jabali. Mji ndio unaoipa sababu ya kutazamwa. Jahazi haliendi kwa tanga peke yake, na nahodha anayelipaka rangi tanga huku akiacha mbao zikioza hatafika mbali.

Basi nipendekeze machache yanayowezekana. Kwanza, kila shule inayozuru Ngome ya Yesu igawe muda wake nusu kwa nusu, ngome na mji, na Makavazi ya Kitaifa yasiupokee msafara mkubwa bila ya kuupa mpango huo. Pili, kaunti na Makavazi wakubaliane kwamba sehemu maalumu ya ada ya langoni, hata ikiwa ndogo, iwe mfuko wa kuwasaidia wenye nyumba wa Mji wa Kale kupata chokaa, boriti na mafundi, na hesabu zake zibandikwe hadharani mtaani ili wazee wazisome. Tatu, vijana wa Kibokoni, Kuze na mitaa jirani wafunzwe kuwa waongozaji wa wageni na mafundi wa ujenzi wa kale. Mafunzo ya ufundi wa Kiswahili yaliwahi kuanzishwa mjini hapo katika miaka ya 1990, kwa hiyo si jambo la kubuni upya. Kijana anayelipwa kwa kuujua mji wake hana haja ya kukaa pembeni akingoja mwuza unga.

Nne, na hili ni letu sisi walimu, kila kazi ya mwanafunzi iliyoandikwa vizuri kuhusu mji ule ihifadhiwe, na nakala yake irudishwe mtaani ilikotoka. Wazee wanaokumbuka jela ya ngomeni, wanaokumbuka bandari ya kale ikiwa imejaa majahazi ya kaskazi, hawatatungoja. Sheikh Ahmed Nabhany, mjuzi wa lugha na bahari aliyeishi Mombasa, alifariki mwaka 2017, na waliomsikiliza walijua kwamba maktaba nzima imefungwa. Daftari la mwanafunzi, lenye maneno ya bibi mmoja wa Kuze kuhusu visima na arusi za zamani, laweza kuwa waraka wa thamani baada ya miaka 50.

Msomaji aliye mbali na pwani asidhani kwamba haya hayamhusu. Kila mji mdogo wa Afrika Mashariki una ngome yake, yaani jengo moja ambalo wakubwa hulionyesha, na una mji wake wa kale, yaani watu na nyumba ambazo hakuna anayezionyesha. Pengine ngome ya kwenu ni stesheni ya reli, au ofisi ya zamani ya mkuu wa wilaya, au kanisa la wamisionari. Muulize mwanafunzi wako nani alibeba mawe ya jengo hilo, maji ya mji hutoka wapi, soko lilianza kwa nini pale lilipo, na mashauri ya watu yalikatiwa chini ya mti gani kabla ya mahakama kujengwa. Mkishapata majibu manne hayo, mtakuwa mmeandika historia ya mji ambayo haimo katika kitabu chochote.

Nanyi wanafunzi, safari ijayo mkishuka basini mbele ya Ngome ya Yesu, ingieni, mizungukie buruji zake, zitazameni sahani zilizotoka chini ya bahari, someni maandishi ya Kireno juu ya lango. Kisha, kabla mwalimu hajaanza kuwahesabu, mwombeni kwa heshima dakika 60. Geukeni kuelekea Ndia Kuu, mbishe hodi kwa sauti ya adabu, na mkikaribishwa barazani, ulizeni swali moja tu: "Mzee, nyumba hii ilijengwa na nani?" Jibu mtakalopewa liandikeni.